Radhi Niliyoitoa kwenye Arobaini Yako

Athumani,

Sikuulizi hali. Wewe uko kwenye mchanga wa Kurui, umelala, na kwa jinsi ulivyokuwa na deni la usingizi nadhani hujambo kuliko sisi wote. Mimi nimekaa barazani hapa Maili Moja, mguu mmoja nimeuweka juu ya kigoda, wa pili sina. Nakuandikia kwa sababu keshokutwa nakwenda mahakamani kusema jambo juu yako mbele ya watu, na tangu tukiwa wadogo sijawahi kukusema pembeni. Nimeona ulisikie kwangu kwanza. Ukikasirika, shauri yako.

Kibanda changu cha pancha hakipo. Ulikipitia saa nne asubuhi, jua limewaka, barabara kavu, mbele yako hakuna hata baiskeli. Nilikuwa nimechuchumaa nafungua tairi la mteja. Nikanyanyua kichwa, nikaiona semi yako ya bluu inatoka kwenye lami polepole, kama ulivyozoea kuingia kila ukitoka Tunduma. Nikainua mkono nikakupungia. Mtu mzima na ndevu zangu, nimechuchumaa chini, nalipungia mkono lori linalokuja kunisaga! Ndipo nikakuona kupitia kioo cha mbele. Kidevu chako kilikuwa kifuani.

Hukupiga honi wala hukushika breki. Ulichukua kibanda, ukachukua kompresa na matairi yote, ukachukua mguu wangu, ukaenda kusimama kwenye ule mwarobaini wa jirani. Walioniokota wanasema nilikuwa naliita jina lako kwa sauti, na mtaa mzima ulinisifia kwa mapenzi hayo. Sikuwaambia kwamba nilikuwa nakutukana.

Na bado nakutukana, nisikufiche. Ulikuwa mjinga, Athumani. Ulikuwa na kichwa kizuri, wewe ndiye uliyenifundisha hesabu za sehemu pale shuleni kwetu, lakini ukishakaa nyuma ya usukani ulikuwa mjinga wa kupigiwa mfano. Ulikuwa unakuja kwangu macho mekundu kama umelia msibani, unajisifu mbele ya wateja wangu kwamba umetoka mpakani bila kufumba jicho. Mfukoni una mirungi, kwenye dashibodi una pilipili kichaa za kujipaka chini ya macho, pembeni una dumu la maji ya kujimwagia kichwani. Ulikuwa unazionyesha kama fundi anavyoonyesha spana zake. Na sisi, majuha wenzako, tulikuwa tunakushangilia. "Huyu ndiye dereva," tunasema. Hakuna aliyesema huyu anatafuta kufa.

Kisha kuna yule dereva wa pili. Unamkumbuka? Mimi namkumbuka ingawa sijamwona hata siku moja, na wewe pia hukumwona. Sheria inataka safari ndefu kama ile iwe na madereva wawili wapokezane, basi tajiri wako, mwenye lori, akakupa kivuli cha leseni ya mpwa wake ukiweke kwenye gari. Mpwa mwenyewe yuko Kibaha hapa hapa, ana duka la simu, lori hajui hata linawashwaje. Kila ukifika kituo cha ukaguzi unaandika kwamba sasa anaendesha yeye na wewe umepumzika. Ulikuwa unanihadithia hayo huku unacheka mpaka chai inakupalia. "Mwenzangu amelala nyuma," unasema, na unagonga kitanda kitupu cha kwenye kichwa cha gari. Nami nacheka. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani kujitemea mate.

Tuje kwa tajiri. Wewe ulikuwa unamwita baba. Baba gani yule! Hospitali sikumwona siku zote nilizolala pale. Aliyekuja ni mtu mwingine, mwenye suti na viatu vilivyochongoka, anapita kitanda hadi kitanda kwenye wodi ya mifupa akijiita wakili. Alinishika mkono akaniambia, "Kaka, nitakupigania mpaka tone la mwisho." Akachukua fomu yangu ya polisi, akasema anakwenda kuitoa nakala. Bado anaitoa. Nilipouliza, manesi wakacheka, wakasema huyo ni kishoka tu, uwakili hajasomea, na mimi ni wa nne kuingizwa mjini kwenye wodi ile. Kwa hiyo nilikatwa mguu na mlevi wa usingizi, nikaibiwa karatasi na mlevi wa viatu. Ndiyo wiki niliyokuwa nayo wakati wewe umeshazikwa.

Mazishi yako sikuyawahi, ndiyo maana nilijikaza nije kwenye arobaini. Nilikuwa na siku tano tu tangu nitoke hospitali. Gari ya kukodi ilinirusharusha kwenye ile barabara ya kutoka Kisarawe mpaka nikafika Kurui kanzu imelowa jasho kwa maumivu. Nikamkuta tajiri ameshafika. Alikuwa amevaa kanzu mpya iliyopigwa pasi ikapigika, amekaa mkekani katikati ya wazee kama yeye ndiye mfiwa. Ng'ombe alitoa yeye, mchele alitoa yeye, maturubai yeye. Alilia pia. Alilia vizuri, anafuta machozi kwa ncha ya kofia, mpaka shangazi yako mmoja akaenda kumpepea.

Hitima iliposomwa ikaisha, mjomba wako Mzee Mfaume akasimama, kama inavyofanywa kwetu. Akasema, "Marehemu alikuwa binadamu. Kama kuna aliyemkosea, tunamwombea radhi." Watu wakaitikia kama kawaida kwamba wamesamehe. Lakini mzee hakukaa. Akanigeukia mimi. Hakusema jina langu, alinitazama tu, na mkeka mzima ukanitazama. Mkeo, Mama Zuwena, alikuwa mlangoni na wanawake, na yeye ananitazama.

Nikainuka kwa magongo. Nikasema, "Mimi nimemsamehe, duniani na akhera." Nililisema kwa moyo wangu, Athumani. Nilikuwa nakuchukia tangu kibandani mpaka kwenye ule mkeka, na pale pale nikahisi chuki inanitoka kama jasho. Nililia. Mzee Mfaume alinikumbatia gongo likaanguka. Ile ilikuwa saa nzuri kuliko zote tangu ulipoondoka, na ndiyo maana nawadharau zaidi tajiri na watu wake kwa walichoifanyia.

Tumemaliza pilau, hata mikono hatujanawa, karani wa tajiri akanichuchumalia pembeni na karatasi. Adabu zote za dunia alikuwa nazo. Ananiita "kaka mkubwa". Akasema tajiri ameguswa sana na maneno yangu, na ameona ile radhi iwekwe kwenye maandishi, familia ibaki nayo, ili marehemu asije akasumbuliwa huko aliko. Karatasi imeanza na Bismillahi. Nikasoma mistari miwili ya juu: jina langu, jina lako, kwamba nimesamehe kwa hiari. Chini kulikuwa na mistari mingine mingi. Nani kati yetu angeisoma? Umetoka kutamka mbele ya shehe na wazee kwamba umesamehe, kisha uanze kukagua karatasi kama mtu anayetaka kuirudisha radhi yake? Ningeonekana mnafiki. Nikasaini. Wino ulichanganyika na mafuta ya pilau.

Kosa hilo ni langu na simpi mtu. Ila nakuambia, mtu wa mahali pengine asingelifanya. Angesema subiri nikasome nyumbani. Sisi tulilelewa kwamba radhi ikishatoka haiulizwi maswali, na yule bwana alilijua hilo kuliko sisi. Alinunua ng'ombe kwa ajili hiyo.

Miezi miwili baadaye nikaenda ofisini kwake hapa Kibaha. Sikuwa na vita. Nilitaka anisaidie mguu wa bandia, maana kazi yangu ni ya kuchuchumaa, na mtu wa gongo hawezi kukaza nati za gurudumu. Akaniagizia soda. Akavuta droo, akatoa ile karatasi yangu, ameshaivisha plastiki kama cheti cha ndoa. Akaisoma kwa sauti. Kumbe kule chini nilikuwa nimesaini kwamba sina dai lolote, sasa wala baadaye, kwa mwenye gari wala kwa bima yake. Akakunja sura kama mwalimu wa madrasa, akaniambia, "Kassimu, wewe ni muungwana. Ulisamehe mbele ya wazee. Leo unataka kula matapishi yako?"

Nikaona aibu. Mimi ndiye niliyeona aibu, unajua? Mwizi amekaa kwenye kiti cha kuzunguka na mimi nainamisha kichwa. Nikashukuru kwa soda nikaondoka.

Na kuhusu ajali yenyewe ana hadithi yake. Anasema ulikuwa unakwepa ng'ombe. Ameandikisha hivyo, kwamba wafugaji waliohamia huku wanaachia mifugo barabarani na ng'ombe mmoja alikukatiza mbele. Ng'ombe huyo hakuonwa na mama lishe wala na mwenye duka, hakugongwa, hakuacha hata kinyesi. Akapotea kama dereva wako wa pili. Tajiri wako ana kipaji cha kuumba viumbe.

Ningebaki hivyo hivyo kama si dada mmoja anaitwa Upendo. Ni mwanasheria, kijana tu, anatoa msaada wa kisheria bila malipo kwenye chumba kimoja karibu na stendi ya Kisarawe. Nilipelekwa na mke wangu kwa nguvu. Nilishajiapiza kwamba mtu yeyote mwenye kalamu akinisogelea nampiga gongo. Huyu hakunipa kitu cha kusaini. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza maswali matatu ambayo nayasikia mpaka leo. "Radhi aliiomba nani?" Mjomba wa marehemu. "Alimwombea nani?" Marehemu. "Na mwenye lori naye amekufa?"

Nikacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Akanieleza taratibu. Dereva akikosea akiwa kazini, aliyemtuma anabanwa na kosa hilo, na bima ya gari ipo kwa ajili ya watu kama mimi. Karatasi iliyopatikana kwa hila inaweza kupingwa, ingawa tutatolewa jasho. Halafu akasema neno ambalo sikulipenda. Akasema ng'ombe akibaki kwenye maelezo, tajiri atajificha nyuma yake. Ni lazima ithibitike kwamba ulikuwa umelala, na kwa nini ulikuwa umelala.

Hapo ndipo tulipokwama, mimi na mkeo. Mama Zuwena hakutaka. Tajiri alishamfikia. Alimwambia kwamba ikijulikana ulilala kwenye usukani, utahesabika mzembe, na yeye na watoto hawatapata kitu, kwa hiyo bora mumewe abaki shujaa aliyemkwepa ng'ombe. Dada Upendo alipolisikia hilo alipiga meza. Alisema mfanyakazi akifa kazini wategemezi wake wana haki yao hata kama alikuwa amelala fofofo, na kwamba huyo bwana anamtisha mjane kwa uongo mtupu. Nikampelekea shemeji habari hizo. Akanijibu, "Shemeji, si mafao. Zuwena shuleni anaitwa mtoto wa dereva hodari. Mwache alivyo."

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nilisema moyoni, dereva hodari gani, mtu ameua riziki yangu na yake kwa siku moja. Lakini nilikuwa najidanganya, Athumani. Hasira ile niliipenda kwa sababu ilinificha. Kwenye simu yangu nilikuwa na kitu ambacho sikumwonyesha mkeo, wala dada Upendo, wala mke wangu.

Ni sauti yako. Uliituma asubuhi ile ukiwa Chalinze. Naijua kwa moyo. "Kassimu, weka chai. Ndugu yangu, leo nimechoka hasa, naona barabara mbili. Nimemwomba tajiri nilale hapa kwa muda wa saa mbili tu, kasema nikilala niache funguo, gari litapata mtu mwingine. Hebu niambie, nilale au nije?"

Uliniuliza. Hukuwa unajisifu siku ile. Uliniuliza kama mtu anavyomuuliza nduguye.

Na chini yake lipo jibu langu, nimeliandika kwa vidole hivi hivi: "Acha udhaifu wewe, kaza, chai ipo jikoni." Na picha ya mtu anayecheka.

Sasa unajua kwa nini nilisamehe haraka vile pale mkekani. Watu walifikiri nina moyo mkubwa. Nilikuwa naona nafuu tu kwamba hakuna anayejua. Na nilivyokuwa namdharau tajiri kwa machozi yake, mimi nilikuwa nalia pembeni yake kwa kanzu ya kuazima, na simu mfukoni. Tofauti yetu ni kwamba yeye alileta ng'ombe.

Wiki iliyopita nikashindwa. Nikapanda basi hadi Kisarawe, nikatafuta gari ya kunifikisha Kurui, nikamkuta Mama Zuwena anapukuchua mahindi uani. Nikamwambia akae. Nikamwekea sauti yako. Hakuwa ameisikia sauti yako tangu ulipoondoka, na mimi bwege sikulifikiria hilo, nilifikiria kesi. Alishika mdomo. Ilipokwisha akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema tena, "Rudia." Mara ya tatu akachukua simu mwenyewe, na jibu langu akaliona.

Nilitegemea anitukane. Nilikuwa tayari hata kwa kofi. Aliiweka simu mapajani, punje za mahindi zikamwagika kwenye kanga. Kisha akasema, "Kumbe aliomba kulala." Hakuwa ananiambia mimi. Akalisema mara mbili. Miezi yote hii alikuwa anafikiri mumewe hakujua kuchoka, hakufikiria watoto, alipenda sifa kuliko nyumba yake. Alikuwa anamtetea shujaa hadharani na kumlaani usiku peke yake. Tajiri alimwachia ng'ombe wa uongo, mimi nikamwachia ukimya, na kati ya vitu hivyo viwili hakuna aliyemwambia kwamba mumewe aliomba saa mbili tu.

Akanirudishia simu. Akasema, "Jibu lako usilifute. Usilifute hata neno. Ukifuta watasema na sauti mmeitengeneza." Halafu akaniambia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Na mimi nakuja. Nitakaa mbele, anione."

Basi ndivyo ilivyo. Dada Upendo amechukua nakala ya vyote viwili. Ameniambia wakili wa tajiri atanivua nguo kwa jibu lile, atauliza nani hasa aliyekutuma uendelee, tajiri au mimi. Nimemwambia aulize. Nitamjibu kwamba mimi nilikutuma kwa ujinga na nimelipa kwa mguu. Mteja wake alikutuma kwa funguo, na hajalipa hata kwa usingizi wake mwenyewe.

Nisamehe kwa chai ile. Sikuombi radhi kwa nitakayoyasema keshokutwa, hayo ni haki yako. Ninaomba radhi kwa jibu langu lile tu, na huku hakuna mjomba wa kunisimamia, naiomba mwenyewe.

Kwaheri, ndugu yangu. Mungu akupanulie kaburi. Ahadi yangu ni hii: nitasimama kwa gongo langu mbele ya hakimu, mkeo akiwa amekaa pale mbele, na nitasema kwa sauti kwamba Athumani alikuwa amelala. Watatoa ile karatasi yao ya plastiki, waniulize kama sikukusamehe mbele ya shehe na wazee. Nitasema nimekusamehe, na sirudi nyuma, duniani na akhera. Kisha nitamwonyesha hakimu kwa kidole tajiri wako aliyekaa mstari wa mbele, nimwambie kwamba radhi ilikuwa yako, na wewe hukuwa na lori.

Kassimu